Bustani na Wasomaji: Rangi Yako, Macho Yangu

Katika safu iliyopita niliandika, pengine kwa haraka kuliko ilivyofaa, kwamba mtu anayesitasita kuhusu rangi ya kichaka cha kupanda mbele ya nyumba yake hatakosea akichagua chenye maua meupe. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika juu ya mbolea, wadudu na kupogoa. Wapo walionishukuru, wapo walionituhumu kwamba ninaogopa rangi, na wapo waliotumia nafasi hiyo kuniletea kesi za nyumbani kwao ili niwe hakimu. Nimechagua barua sita na kuzifupisha bila kubadilisha maana, na majina ya walioziandika nimeyaacha, kwa kuwa baadhi yao bado wanaishi nyumba moja na wale wanaowalalamikia.

Mume wangu anasema kona yangu itamwumiza macho

*Ndugu Mwandishi, nina kona ya bustani inayopigwa na jua kutwa nzima. Hapo pana bogenvilia ya zambarau iliyokoza, na mbele yake nataka kupanda iksora za rangi ya chungwa. Mume wangu ameiona miche ikiwa bado kwenye viriba, akasema kwamba rangi hizo mbili hazipatani na kwamba zitaifanya nyumba yetu ionekane kama jukwaa la sherehe. Yeye anataka kila kitu kiwe cheupe na kijani, na ametoa safu yako kuwa ushahidi. Je, ipo kanuni inayosema kwamba rangi hizo zisikae pamoja, au kila mtu na apendavyo?*

Dada msomaji, kwanza niombe radhi kwa kumpa mumeo silaha bila kukusudia. Pili, niwatendee haki nyote wawili: anachokiona yeye ni cha kweli, na unachokipenda wewe hakina kosa.

Kanuni unayoiuliza ipo, ila haisemi kile ambacho wengi hudhani inasema. Katika karne ya 19 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, ambako hufumwa mazulia ya kutundikwa ukutani. Yakamfikia malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinazotoka kwake zimefifia. Alipozichunguza alikuta weusi wake uko sawasawa. Kilichoufanya uonekane dhaifu ni rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo marefu ya jambo hilo, kwamba rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja humsukuma mwenzake aende mbali nayo, na hakusita kuingia hadi bustanini kueleza namna ya kupanga maua kwa kulifuata. Katika kona yako maana yake ni kwamba zambarau ya bogenvilia, ikiwa karibu na rangi ya chungwa, itaelekea zaidi kwenye buluu, na chungwa la iksora litaelekea zaidi kwenye manjano. Pengo lililo kati yao litapanuka machoni kuliko lilivyo kwenye mimea yenyewe. Huo mtetemo unaomchosha mumeo, kwa hiyo, si uzushi wake.

Lakini tazama kanuni hiyo inaishia wapi. Inaeleza jicho litaona nini. Haisemi kama kitakachoonekana ni kizuri. Hapo ndipo watu wenye ujuzi uleule walipoachana njia. Mwingereza Gertrude Jekyll (1843–1932), aliyesomea uchoraji kabla ya macho yake kudhoofika, alikuwa akipanga tuta refu la maua kwa ngazi: rangi zilizopoa mwanzoni, kisha manjano, kisha chungwa, kisha nyekundu katikati, na baadaye kurudi polepole hadi zilizopoa upande wa pili, ili jicho lisishtuliwe hata mara moja. Karibu mwaka 1950 mwandishi Vita Sackville-West alianza kupanda huko Sissinghurst, Uingereza, bustani ya maua meupe na majani ya kijivu, ambayo bila shaka mumeo angehamia. Na si mbali na hapo, katika bustani ya Great Dixter, mnamo mwaka 1993 mwenyeji wake Christopher Lloyd aling'oa bustani ya mawaridi iliyokuwa imekaa kwa miongo mingi, akapanda mahali pake migomba, kanna na dalia zenye rangi za kupiga kelele, zambarau ikigusana na chungwa kama hiyo unayoitaka wewe. Wako waliokasirika. Mtu anaweza kuzitembelea bustani zote mbili kwa siku moja, akazipenda zote, na asiweze kuishi katika mojawapo.

Wahenga walisema kipendacho roho hula nyama mbichi. Tatizo la bustani ya watu wawili ni kwamba yule wa pili naye hulazimika kuketi kwenye meza hiyohiyo. Ndiyo maana nakushauri usiharakishe, hasa kwa sababu ya bogenvilia. Kile tunachokiita ua lake si ua. Chukua kishada kimoja ukitazame kwa karibu: utaona vijani vitatu vyembamba kama karatasi, vyenye mishipa kama ya jani lolote, na katikati yake vijimaua vitatu vyenye umbo la mrija, vya rangi ya maziwa, vidogo kiasi kwamba watu wengi wenye mmea huo hawajapata kuviona. Rangi yote imo katika vijani hivyo, na kwa kuwa ni majani, hudumu kwa wiki kadhaa baada ya vijimaua kunyauka. Ugomvi juu ya ua la siku moja huisha lenyewe jioni, lakini ugomvi juu ya bogenvilia utakaa nao msimu mzima.

Kwa hiyo miche isitoke kwenye viriba kwanza. Ipange mahali pake kama vile imekwisha kupandwa, iache siku saba, na muitazame pamoja asubuhi, saa sita mchana na kabla ya jua kuzama. Muulize mumeo huwa anaitazama kona hiyo akiwa amesimama wapi. Swali hili linaonekana dogo, nami nililidharau hadi nilipobishana na ndugu yangu kwa miezi miwili kuhusu akalifa yenye majani ya damu ya mzee. Mimi nilikuwa nikiiona kutoka dirishani, nyuma yake kukiwa na ukuta mweupe, na ilipendeza mno. Yeye alikuwa akiikuta aingiapo langoni, nyuma yake kukiwa na kivuli cha mti, na kutoka hapo, niliposimama mahali pake hatimaye, ilionekana kama shimo jeusi katikati ya majani. Tulikuwa tukibishana juu ya vichaka viwili tofauti.

Na kuhusu weupe anaoutaka: jua la saa sita likipiga maua meupe mengi kwa pamoja, mwanga huakisiwa kwa nguvu hadi umbo la kichaka linapotea na mtu anafumba macho, ilhali rangi nzito huustahimili mwanga huo. Sentensi yangu ya safu iliyopita naipunguza basi. Maua meupe ni salama kivulini na jioni, si kila mahali. Mimi ningezipanda iksora zako. Ningeacha nafasi ya kama mita moja na nusu kati yake na bogenvilia, nikaijaza mmea wenye majani ya kijani kizito yasiyo na makeke, na ule upande wa nyumba wenye kivuli ningemwachia mumeo apande vyeupe vyake bila mimi kutia neno.

Uzio unaowaka kwa mmoja, na kwa mwingine ni majani tu

*Mzee wetu wa bustani, shikamoo. Dada yangu mkubwa amepanda uzio wa haibiskasi nyekundu mwisho wa bustani, na anasema kwamba ukiutazama kutoka barazani unawaka kama moto. Mimi na kaka yangu tunaona kijani tu mpaka tuukaribie. Tulipomwambia kwamba afadhali angepanda ya manjano aliudhika, akasema wanaume hatujui rangi. Tumeambiwa tukuulize wewe nani ana ladha nzuri.*

Marahaba, mwanangu. Nashuku kwamba katika kesi hii ladha haihusiki kabisa, na kwamba dada yako alisema kweli kuliko alivyokusudia.

Wako watu ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani. Mara nyingi huzaliwa hivyo, na kwa kuwa chembe ya urithi inayohusika imo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu, hali hiyo huwapata wanaume zaidi sana kuliko wanawake, na si ajabu ikawapata ndugu wawili wa mama mmoja huku dada yao akiona sawasawa. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hukadiriwa kuwa mwanamume 1 kati ya 12 anayo, na mwanamke 1 kati ya 200. Kwingineko viwango hutofautiana. Wengi huishi miaka mingi bila kujua, kwa sababu tangu utotoni waliambiwa majani ni ya kijani nao wakayaita kijani.

Mtu wa kwanza kulieleza jambo hili kisayansi kwa upana aligutushwa na ua. Mnamo mwaka 1792 mwanakemia Mwingereza John Dalton alilitazama ua la jerani kwa mwanga wa mshumaa. Mchana ua hilo, ambalo wengine waliliita la waridi, yeye aliliona samawati kama mbingu. Usiku ule mbele ya mshumaa akaliona jekundu. Akawauliza rafiki zake, nao wakamwambia kwamba rangi haikubadilika sana machoni mwao. Aliyekubaliana naye alikuwa ndugu yake wa kiume. Alisoma maelezo yake mbele ya chama cha wasomi mjini Manchester mwaka 1794, akaagiza macho yake yachunguzwe atakapokufa, na macho hayo yalihifadhiwa hadi mwaka 1995, ambapo uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba kweli alikosa chembe za jicho zinazohisi mwanga wa kijani. Soma tena barua yako: ndugu wawili wa kiume wanakubaliana, na dada yao anawashangaa.

Fanyeni jaribio jepesi. Pigeni picha ya uzio huo kwa simu, kisha muiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Mtaona kwamba maua mekundu na majani yanayoyazunguka yana kiza kinachokaribiana sana, na maua yatakuwa yamezama. Asiyetenganisha nyekundu na kijani hubaki na tofauti hiyo ndogo tu ya kiza na mwanga, na kwa mbali haimtoshi. Ua la manjano au jeupe lingejitokeza hata katika picha hiyo, na ndiyo maana mlilitaja bila kujua sababu. Wataalamu wa macho wana kadi za vitone vya rangi, zilizotungwa na daktari Mjapani Shinobu Ishihara na kuchapishwa mwaka 1917, ambazo zitawapa jibu kwa dakika chache. Mkishalipata, muombeni dada yenu radhi, kisha mumsihi achanganye haibiskasi ya manjano kila baada ya miche mitatu ya nyekundu. Atakubali kirahisi zaidi akijua kwamba hamkuwa mkimkejeli.

Niongeze kwamba hata macho yaliyo mazima hayabaki yaleyale. Lenzi ya jicho huelekea manjano kadiri umri unavyosonga na kuizuia buluu isipite vizuri. Mchoraji Claude Monet, aliyeishi na kupanda maua huko Giverny kuanzia mwaka 1883, alisumbuliwa na mtoto wa jicho hadi akafanyiwa upasuaji mwaka 1923, na picha alizochora kabla ya hapo zimejaa wekundu na hudhurungi katika bustani ileile aliyokuwa ameichora kwa buluu na kijani. Bibi au babu anapodai kwamba kichaka chenu cha urujuani kimepauka, msimkatalie haraka.

Ninaiona bustani yangu jioni tu

*Ndugu Mwandishi, mimi hutoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mke wangu, anayefanya kazi zake nyumbani, amejaza bustani krotoni na mimea ya maua mekundu, naye husema kwamba ni nzuri ajabu. Nikirudi mimi naona vivuli. Nimfanye nini?*

Usimfanye lolote, bwana. Mchana krotoni ni nzuri kweli, kwa sababu mwanga mwingi ndio unaoifanya iwake manjano na nyekundu. Ikiwekwa kivulini majani mapya hutoka ya kijani. Wewe tu ndiye unayefika pazia likiwa limeshuka. Mwanzoni mwa karne ya 19 Jan Purkyně wa Bohemia alieleza kwamba jua linapozama rangi haziondoki kwa pamoja: nyekundu hutangulia kuwa nyeusi, na samawati huendelea kung'aa kwa muda, kwa kuwa chembe za jicho zinazofanya kazi katika mwanga hafifu karibu hazihisi wekundu. Omba sehemu ndogo kando ya njia unayopita ukirudi, upande plambago ya samawati, na asumini nyeupe kwa ajili ya harufu, ambayo haijali kama jua lipo.

Majani ya mabakamabaka: urembo au ugonjwa?

*Mpendwa Mhariri, nimepanda vichaka vitatu vyenye majani ya kijani na mabaka ya manjano. Rafiki yangu alipovitazama aliniuliza nimevinyunyizia dawa gani, kwa kuwa vinaumwa. Nimeona haya, na sasa kila ninapovitazama naona ugonjwa.*

Nikiri kwanza upendeleo wangu, ili uupunguze katika jibu: mimi mwenyewe sivipendi vichaka vya mabaka. Kimoja katikati ya kijani kizito hunipendeza kama mwanga uliopenya kwenye matawi. Vitatu pamoja hunifanya nijihisi kama ninayetazama kitambaa kilichomwagikiwa na dawa ya kung'arisha nguo. Lakini hayo ni yangu, na rafiki yako ana yake.

Kuhusu ugonjwa, kwa kawaida mabaka ya aina hii ni sehemu za jani zisizo na rangi ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea. Wakulima wa bustani waliliona tawi moja la namna hiyo likitokea lenyewe, wakalikata na kulizalisha kwa vipandikizi. Kuna hata mahali ambapo rafiki yako angekuwa sahihi neno kwa neno: abutiloni moja mashuhuri yenye mabaka ya dhahabu hupata mabaka hayo kutokana na virusi, na watu wameipanda kwa furaha tangu karne ya 19, wakiuhamisha ugonjwa huo kwa makusudi kutoka mmea hadi mmea kwa kuunganisha vikonyo. Uzuri na ugonjwa vimo katika jani lilelile. Katika vichaka vyako angalia majani machanga: yakifunguka laini, bapa na yenye ukubwa wa kawaida, mmea ni mzima. Yakitoka yamejikunja, yamedumaa, au yana madoa ya hudhurungi yenye duara la manjano, hapo rafiki yako asikilizwe.

Jambo moja usilipuuze. Mara kwa mara litachipuka tawi la kijani kitupu. Tawi hilo lina uwezo wa kujilisha kuliko wenzake, kwa hiyo hukua kwa kasi, na ukiliacha litakimeza kichaka chote katika misimu michache. Likate kuanzia pale lilipoota, si ncha yake tu. Na kama haya bado hayajakuisha, ng'oa viwili ukampe mtu, ubakize kimoja mahali penye kivuli cha asubuhi. Huenda hata mimi nikakipenda.

Nilinunua buluu, imegeuka waridi

*Ndugu Mwandishi, nilinunua haidranja yenye vichwa vya maua ya buluu, nikaipanda chini ya ukuta mpya wa nyumba. Mwaka uliofuata imetoa maua ya waridi. Binti yangu amefurahi, mimi nimeudhika. Je, muuzaji amenidanganya?*

La, dada, hakukudanganya. Ni udongo wako uliobadilisha kauli. Haidranja ya aina hiyo hupata buluu yake kwa kufyonza alumini kutoka ardhini, na alumini hupatikana kwa mizizi pale tu udongo unapokuwa na asidi. Kipimo cha asidi ya udongo, yaani pH, kikiwa chini ya 5.5 hivi maua huja buluu, kikizidi 6.5 hivi huja waridi. Katikati ya hapo huja urujuani, au hata rangi mbili kwenye kichaka kimoja. Ukuta mpya wa saruji hutoa chokaa inayochuruzika na mvua hadi kwenye mizizi, na nina hakika hicho ndicho kilichotokea. Nyeupe ndiyo isiyosikia hoja ya udongo: hubaki nyeupe popote, ingawa uzeeni huweza kupata wekundu kidogo.

Ukitaka buluu yako irudi, usipigane na ukuta. Chukua kipandikizi, ukipande kwenye chungu kikubwa chenye udongo wa asidi, umwagilie maji ya mvua, uongeze salfeti ya alumini kidogo kwa kufuata maelekezo ya pakiti, na uepuke mbolea yenye fosfeti nyingi, kwa kuwa fosfeti huifunga alumini isifyonzwe. Ile ya chini ya ukuta mwachie binti yako. Sijui mmea mwingine unaoweza kuwapa mama na mwana rangi mbili wanazobishania kutoka kwenye shina moja.

Naipenda lantana, kwani ladha yangu inamhusu nani?

*Mhariri, nimechoshwa na jirani yangu anayeniambia ning'oe lantana yangu kwa sababu ni gugu. Yeye anapenda mawaridi, mimi napenda lantana. Umeandika mara nyingi kwamba ladha haina hakimu. Naomba umwambie hivyo.*

Ningependa kumwambia, kwa sababu nami naipenda. Kichwa kimoja cha lantana, kisichozidi upana wa kifuniko cha chupa, kina rangi tatu kwa wakati mmoja: vijiua vya katikati vilivyofunguka leo ni vya manjano, vinavyofuata vimeelekea chungwa, na vya pembeni vilivyozeeka vimekuwa vyekundu au vya waridi. Vipepeo huenda zaidi kwenye vile vya manjano, ambavyo ndivyo vyenye nekta, na wewe na mimi tunapata hicho kichwa kizima cha rangi bila kulazimika kuchagua.

Lakini jirani yako hakuzungumzia ladha, ndugu yangu, alizungumzia mbegu. Lantana ilitoka nchi za joto za Amerika, ikasambazwa duniani kama pambo la bustani, na leo ni miongoni mwa magugu sugu katika Afrika, Asia na Australia. Ndege hula matunda yake yakiiva meusi na kuyapeleka mbali na ukuta wako, ambako mmea hufunga malisho na kuzuia miche mingine isiote. Ng'ombe na kondoo wanaoula huharibika ini, na ngozi yao hushindwa kustahimili jua. Rangi ya kichaka ni ya aliyekipanda na wanaoishi naye, lakini matunda yanayobebwa na ndege yanaingia shambani kwa mtu ambaye hakuulizwa. Kwa oleanda nami husema hivyohivyo: maua yake ya waridi sina neno nayo, ila kila sehemu yake ni sumu, na nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni si mahali pake.

Tafuta kwanza kama zinapatikana kwako lantana zilizozalishwa zisitoe mbegu, kwa kuwa zipo, na rangi zake hazipungui. Kama hazipatikani na moyo haukuruhusu kuing'oa uliyo nayo, ihamishie kwenye chungu, ikae karibu na mlango ambapo utaiona kila siku. Chukua mkasi kila wiki na ukate kila kichwa mara tu vijiua vya pembeni vinapoanza kudondoka, kabla zile punje za kijani hazijaanza kugeuka nyeusi. Utapata maua mapya upesi zaidi, kwa sababu mmea uliokatwa vichwa huchanua tena. Vaa glavu unapokata, maana vikonyo vyake vina vijimiba na majani yake huwasha ngozi za baadhi ya watu, na vichwa ulivyovikata uvitie kwenye mfuko uliofungwa, si kwenye lundo la mboji.